Bwana Harusi Hatakula Leo

Shangazi Mwamini,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Nakuombea kaburi lenye nafasi na nuru, na namwomba Mungu akupe huko usingizi ulioukosa huku kwa kushona magauni ya watu. Hiyo ndiyo salamu. Sasa ugomvi: uliacha maneno mabaya hapa duniani, na maneno yako nusura yamuue Bwana Harusi.

Usikunje uso. Unayakumbuka vizuri. Kila mteja aliposimama mbele ya tangi la kioo na kukuuliza kwa nini mwanamke mzima anafuga samaki asiyeliwa, ulikuwa unamjibu, pini zikiwa mdomoni: "Siku nikifa, atakayenikumbuka amlishe Bwana Harusi." Ulisema kwa mzaha, na wao wakacheka. Lakini watu wa mtaa wetu wa Biryogo hawasahau maneno ya marehemu, hata yale ya mzaha, na ulipokufa wakayageuza kuwa usia. Wakaja kukukumbuka, Shangazi. Wakakukumbuka kwa mandazi, kwa wali, kwa nyama ya sambusa. Walikukumbuka mpaka samaki akageuka tumbo juu.

Ngoja nianze mwanzo, maana uliondoka ghafla na hujui lolote. Ulisema kichwa kinakugonga, unajinyoosha kidogo, nikuamshe chai ikiwa tayari. Chai ikawa tayari. Nikakuamsha, hukuamka. Mpaka leo sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia ila wewe, kwa hiyo vumilia.

Matanga tuliyaweka hapa hapa chumbani kwako. Cherehani ikasukumwa ukutani, majora ya vitambaa yakapandishwa juu ya kabati, mikeka ikatandikwa. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani, na tangi la kioo likabaki mahali pake kwenye meza ya dirishani kwa sababu hakuna aliyethubutu kulibeba. Kila aliyeingia alisema "mwihangane," yaani poleni, akalia, akafuta machozi, na akiinua macho anamwona Bwana Harusi katika dhahabu yake, anazungukazunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wa kwanza alikuwa Mama Saidi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa na andazi mkononi. Akamtazama samaki kwa huruma akasema, "Iyi samaki iko na njaa, disi. Iko nalilia mama yake." Akamega kipande akatupia. Na Bwana Harusi unamjua, hajawahi kukataa kitu maishani mwake. Akiona kivuli cha kidole anakuja mdomo wazi. Akala. Wanawake walipoona amekula wakasema thawabu imekufikia, na kuanzia hapo kila aliyekula chochote alimega cha samaki.

Mimi sikuona. Nilikuwa jikoni, na nikitoka jikoni nilikuwa mikononi mwa watu, nakumbatiwa na kulowa machozi ya watu ambao wengine hata sikuwajua. Matanga yalipoanuliwa na mikeka ikakunjwa, ndipo nilipoliona tangi. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na punje za wali zimelala chini zimevimba. Harufu sitakuelezea. Bwana Harusi alikuwa juu kabisa, amepinduka, mkia unaning'inia, na tumbo limetokeza nje ya maji, duara na kavu. Jicho lake moja lilikuwa linanitazama. Mapezi yalikuwa yanapepea, anajaribu kujigeuza, anashindwa, anajaribu tena.

Hapo ndipo nilipolia kilio changu cha kwanza cha kweli. Nilikuwa nimemlilia marehemu pamoja na watu, lakini samaki nilimlilia peke yangu.

Baba alikuwa bado yupo. Alikuwa amefunga duka lake la Kabeza kwa ajili ya msiba wako, na usiniulize kama alilia, alilia, nilimwona nyuma ya nyumba ameshika ukuta. Ni kaka yako, na hakuna aliyesema hakupendi. Lakini alisimama juu ya tangi akasema, "Hii imeisha." Kisha akanipangia maisha yangu hapo hapo, mikono nyuma. Tangi litolewe. Chumba kifungwe. Cherehani yako iende Kabeza, na mimi niende na cherehani, nikae kwa mama wa kambo mpaka apatikane mume mwingine wa kunichukua. Na gauni la Rukia, binti wa Mama Saidi, lile la harusi, la satini, uliloliacha halina pindo, lipelekwe kwa fundi wa mjini akalimalize.

Nikamwambia samaki hajafa.

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema mwezi unamfuata. Akasema, "Sawa. Ikipona, tutaongea. Ikikufa, unafunga mizigo yako." Nadhani alitaka tu nimwache akapande gari arudi Kabeza. Mimi nililishika neno lile kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza nilichofanya, na kama una la kusema utaniambia siku tutakapoonana. Nilivunja usia wako. Nilimnyima Bwana Harusi chakula. Sikumpunguzia, nilimnyima kabisa.

Nilifanya hivyo kwa sababu nakujua zaidi ya wanaokujua kwa mizaha yako. Unakumbuka ile Idi niliyokula mpaka nikashindwa kuinama? Nilikuwa mdogo, tumbo limekazwa kama ngoma, na bibi anakuja na uji, na mwingine anakuja na chai ya tangawizi, na mwingine na kipande cha ndizi ya kusukuma. Wewe uliwatoa wote nje. Ukanilaza ubavu, ukaweka mkono wako wenye baridi juu ya kitovu changu, ukasema, "Tumbo likijaa, dawa si kuongeza. Dawa ni kuacha." Hukunipa kitu mpaka kesho yake. Nilikuchukia usiku kucha na asubuhi nikaamka mzima.

Na unakumbuka watoto wa yule bi harusi wa Nyamirambo waliomwaga biskuti tangini wakati mama zao wanapimwa? Bwana Harusi alivimba vile vile, ingawa si kama safari hii. Sikukuona ukibabaika. Ulisema Madamu Mbelgiji aliyekuachia tangi hili, siku alipokuwa anafunga masanduku yake arudi kwao, alikuachia maneno mawili tu: mkate na biskuti huvimba ndani ya samaki, na samaki aliyefunga choo mpe shaza, punje ya njegere, lisilo na ganda. Ukakaa pale dirishani, ukachukua shaza moja lililochemshwa, ukalivua ganda kwa ncha ya sindano kana kwamba unafumua mshono. Ukaniambia, "Binadamu jicho lake ni kubwa kuliko tumbo. Huyu tumbo lake si kubwa kuliko jicho. Ukimpa zaidi ya jicho lake, unamuua kwa mapenzi."

Na Alhamisi, Shangazi! Kila Alhamisi ulifunga sunna, na Bwana Harusi ukamfungisha pamoja nawe. Mtaa mzima ulikucheka, wakamwita samaki Mwislamu, wakauliza kama anatawadha au anategemea maji aliyomo. Miaka yote hiyo wamecheka saumu ya samaki. Sasa niambie kwa nini hakuna hata mmoja aliyekumbuka Alhamisi, na wote wakakumbuka lile neno moja la kipuuzi.

Basi nikamhamishia kwenye karai la bati, lile la kulowekea kanga mpya, maji kidogo tu, ili asihangaike kupanda na kushuka. Maji yenyewe niliyachota bombani jana yake nikayaacha yalale wazi, dawa ya bomba itoke. Nikaenda dukani nikaomba chumvi ya haluli, ile ya watu waliokosa choo, na muuza duka akaniuliza kwa heshima kama ni msiba umenifunga tumbo. Nikasema ndiyo. Ningemwambia nini? Nikatia chembe kidogo kwenye karai. Tangi nikalimwaga, nikalisugua, nikatoa wali wa matanga yako kwenye kokoto, punje moja moja.

Kila asubuhi niliinama kuyatazama magamba yake. Ulinifundisha hilo pia: kama magamba yamelala, ni shibe, kuna tumaini, yakisimama yakafumuka mwili mzima, ndani kumejaa maji, na hapo umwombee mwisho mwepesi tu. Nilikuwa naogopa kutazama. Nilitazama hivyo hivyo. Yalikuwa yamelala.

Karai halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa watu.

Mama Saidi alikuja na kibakuli. Nikamwambia Bwana Harusi hatakula leo. Akaja kesho yake, nikamwambia hatakula leo. Akaweka kibakuli chini akashika kiuno. "We mtoto, unanyima chakula samaki ya marehemu? Mwamini alisema tuilishe, wewe unasema tusiilishe. Nani mkubwa?" Akatoka akawaambia wengine, na wengine wakawaambia wengine. Ilisemwa kwenye bomba kwamba nina roho ngumu. Ilisemwa kwamba ndiyo maana mume wangu wa Gahanga alinirudisha, maana mwanamke anayeweza kumtazama kiumbe mwenye njaa na asitikisike, mwanaume gani atamweza? Maneno hayo yalipita dirishani nikiwa nimeinama juu ya karai. Na sikutikisika, kweli. Kama ningetikisika Bwana Harusi angekuwa ameshakufa.

Nitakuambia wewe tu. Yaliniuma. Maana hawakuwa wakimlisha samaki peke yake. Tangu ufe mimi nami nalishwa. Huyu ananipa shauri, yule ananipa mchumba, mwingine ananiambia nilie zaidi, mwingine kulia kumezidi. Kuna mzee mmoja wa Kabeza mwenye wake wawili, Baba amemsifu mbele yangu mara zisizohesabika, na ninameza kwa adabu kila nikipewa, mpaka nikahisi na mimi naelea tumbo juu. Ulipokuwa hai nilikuja kwako nimetoka Gahanga na mfuko mmoja, na hukuniuliza neno. Ulinipa sindano na kitambaa kibovu ukasema nijifunze pindo. Ni wewe peke yako katika ukoo wetu uliyenipa nafasi ya kutokula kitu.

Nikafunika karai. Nilikusanya vipande vya satini vilivyobaki kwenye kapu, nikashona kifuniko chenye kamba ya kuvuta, nikakifunga kwa fundo lako la kulaza chini, lile ambalo wateja walishindwa kulifungua. Nikafanya kazi zangu kando yake.

Mama Saidi alilifungua. Nilikwenda uani mara moja, narudi namkuta amekunjua satini, anaangusha kipande cha andazi, na machozi yanamtoka, kweli yanamtoka, anasema, "Kula, baba, kula, huyu mutoto hana huruma." Na Bwana Harusi, amepinduka hivyo hivyo, ananyanyua mdomo kulifuata. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikalitoa andazi linalotiririka maji, nikaliweka katika kiganja cha Mama Saidi na kumfunga vidole.

"Mama Saidi, andazi lako tamu. Kula wewe."

Shangazi, najua ni mkubwa wangu. Najua aliiosha maiti yako kwa mikono ile ile. Lakini ningefanya tena.

Akavimba kwa hasira. Akasema gauni la Rukia atalitoa humu leo hii alipeleke mjini, kwa fundi mwenye adabu. Nikasimama kati yake na meza. Nikamwambia gauni halitoki, lina pini za Shangazi ndani yake, alizichoma mwenyewe siku moja kabla, na hakuna mkono mwingine utakaozitoa ila wangu. Alipofika mlangoni akageuka, akanyoosha kidole kwenye karai mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakipita, akatamka kwa sauti ili wasikie: "Iyi samaki iko imekufa, yeye tu ndiye hajui. Siku itageuka iogelee, mimi nitakaa hapa nishone gauni ya Rukia na mukono yangu mwenyewe."

Nikamwambia nimesikia. Na wale wawili pia walisikia.

Baba alirudi kabla samaki hajageuka. Hilo nataka ulijue, maana watu sasa wanasimulia kama vile samaki ndiye aliyeniokoa. Samaki alikuwa bado kapinduka. Baba alileta kamba za kufungia cherehani. Akafungua kifuniko, akaangalia, akafunga, akaanza kukunja kitambaa cha meza yako bila kuniangalia.

Nilikuwa nimekaa na pindo la Rukia mapajani. Nikasema, "Baba, samaki akifa nitamzika pale uani, na utakuwa umeshinda neno letu. Lakini chumba sitoki."

Akaniuliza nitakaa hapa na nani. Nikamjibu nitakaa na kazi. Akaniuliza watu watasema nini. Nikamwambia wameshasema yote bombani, hayajabaki mapya. Akaniambia mzee wa Kabeza ni mtu mwema. Nikamwambia sijasema ni mbaya, nimesema nimeshiba. Nikatia uzi kwenye sindano mbele yake, tundu likanikwepa, lakini sikuacha mpaka ukaingia. Baba alikaa kwenye kiti cha wateja akanitazama nikishona, kwa muda mrefu. Mwisho akainuka, akasema, "Una kichwa kama cha Mwamini."

Alikusudia tusi. Mimi nikalipokea kama urithi, kwa sababu kila kitu kingine ulichoniachia wanataka kukibeba. Akaacha kamba zake juu ya kabati, akasema baada ya arobaini atakuja na gari.

Siku niliyoona afya inataka kurudi, tumbo limeanza kupungua, nilikwenda sokoni nikamtafuta yule mama wa Kinyinya anayeuza mashaza mabichi. Nikachagua. Nikachemsha moja, Shangazi, sufuria nzima kwa shaza moja. Nikakaa pale pale dirishani penye mwanga wako, nikalivua ganda kwa ncha ya sindano. Lilinichukua muda kuliko wewe. Nikaliponda, nikakata chembe ya ukubwa wa jicho lake, nikaishusha majini kwa kidole. Akaitema. Nikaishusha tena, akaitema tena, nikamtukana kwa Kiswahili na Kinyarwanda na maneno mawili ya Kifaransa uliyoyapata kwa Madamu. Nikaacha. Jioni nikajaribu na chembe nyingine, akaivuta, akaitafunatafuna kama mzee asiye na meno, na safari hii hakuirudisha.

Asubuhi yake nilifungua kifuniko nikakuta uzi. Nakuapia. Uzi mrefu wa kijani umetoka nyuma yake unamfuata kila aendako, na yeye mwenyewe ameketi chini ya karai, tumbo chini, mgongo juu, kama samaki yeyote mwenye heshima zake. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa sakafuni. Nikakuita. Nilisahau, Shangazi. Nilikuita kwa sauti uje uone, jina lako likafika mpaka kwa jirani, na ndipo nikakumbuka.

Hajapona sawasawa, nisikudanganye. Anaogelea ameinama upande mmoja kidogo, na akichoka upande unazidi. Pengine atabaki hivyo. Mimi pia nimebaki hivyo. Lakini anakwenda, na anarudi, na anapiga kona.

Sasa nikueleze arobaini yako, halafu nikuache upumzike.

Hitma ilisomwa vizuri, wanaume nje, wanawake ndani kama mwanzo. Nilikuwa nimemrudisha Bwana Harusi tangini, na tangi limefunikwa kwa satini. Wakaingia na sahani zao. Nikaona macho yanaelekea dirishani na vidole vinamega. Nikasimama mbele ya tangi na utepe wako wa kupimia shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, na yote yakanitoroka. Nikavuta kamba tu, kifuniko kikaanguka.

Vidole vikaacha kumega. Bwana Harusi akaja kwenye kioo, ameinama upande, akawatazama mmoja mmoja akitafuta nani ana kitu.

Nikamgeukia Mama Saidi. Sikumkumbusha. Wale wanawake wawili ndio waliomkumbusha, na nadhani walikuwa wameingoja siku hiyo kwa hamu kuliko hitma. Nilikuambia watu wa hapa hawasahau neno la mzaha. Mama Saidi akajifuta mikono kwenye kanga. Akamtazama samaki, akanitazama mimi, na kile kidevu chake unachokijua kikaanza kucheza. Akasema, "Leta sindano."

Nikamkalisha kwenye mkeka nikamwekea mwanzo wa pindo mapajani. Gauni la Rukia si jepesi, unajua mwenyewe, ulilipa mkia ambao ungefagia mtaa mzima. Halikutosha mapaja ya mtu mmoja. Aliyekuwa karibu naye akaomba sindano. Nikampa. Wa tatu akaomba. Nikawaambia anayetaka kumkumbuka Shangazi amkumbuke hapa, kwa mshono mdogo na usioonekana nje, na atakayeshona ovyo nitafumua. Wakanuna, wakaanza. Sindano zako zote zikaisha kwenye mto wa pini. Mama Saidi alikuwa anashona na kulia, anajichoma na kulia, na mstari wake ulikuwa umepinda, na sikuufumua. Ukimwona Rukia siku ya harusi, tazama pindo upande wa kushoto. Umekumbukwa hapo.

Ndipo Baba akasimama mlangoni. Alikuwa amekuja na gari la rafiki yake, na mwanaume mmoja wa kusaidia kubeba. Alitaka kuingia akakuta hakuna pa kukanyaga. Satini ilikuwa imelala juu ya magoti ya wanawake kuanzia kizingitini mpaka kwenye cherehani, na kila goti lilikuwa la mama anayemheshimu. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyevuta hata ncha ya kitambaa kumpisha. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, dirishani, na nilimtazama machoni.

Akatazama kamba zake juu ya kabati, mbali, hazifikiki. Akatazama tangi. Mwanaume mwenye aibu huuliza chochote kilicho karibu, basi akauliza, "Na hii samaki, mumeipa kula?"

Wanawake hawakuinua hata vichwa. Wakamjibu kwa pamoja, na Mama Saidi kwa sauti kuliko wote:

"Leo iko Alhamisi."

Baba akaenda zake kumwambia dereva azime gari.

Hiyo ndiyo habari yangu. Chumba kipo, cherehani nimeirudisha dirishani, na pini zako nimezitoa kwenye gauni la Rukia moja moja na kuziweka kwenye kikombe ambacho sitamruhusu mtu akiguse. Kuna asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili. Nimeacha kujilaumu kwa hilo, nainywa yote.

Lala, Shangazi yangu. Sitakuahidi kulia kila nikikukumbuka, wala sitakuahidi mume. Nakuahidi kwamba Alhamisi nitafunga, na yeye atafunga, na siku nyingine atapata kiasi cha jicho lake na si zaidi, hata aje nani na sahani ya nani. Na siku nitakapokufa mimi, sitaacha mzaha wowote nyuma yangu.

Ni mimi, binti ya kaka yako, mwenye kichwa chako,

Hadija